Nyumba ya Upande wa Kushoto

Nusura Genoveva afukuzwe kijijini, pengine auawe njiani, kwa kosa la mume wake la kukata kulia. Ukisikia hivyo utadhani nafanya masihara. Sifanyi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha mume huyo kidonda kila siku, na kama ningetumia akili niliyosomeshwa nayo na masista, mambo yasingefika yalikofika.

Ilikuwa mwaka 1979, vita vya Kagera vimekwisha, na mimi nilikuwa muuguzi peke yangu katika zahanati ya Umoja Namba Mbili, wilaya ya Biharamulo. Mganga wetu alichukuliwa na jeshi na hakurudi. Sikuambiwa kama alikufa au alipata kazi bora. Mimi ni Mhangaza wa Kirushya, kule Ngara, mtoto wa migomba na maharage, na nilitupwa katikati ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Wao wana Kisukuma chao, mimi nina Kihangaza changu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili cha shule na cha sokoni. Waliniita Nesi. Jina langu, Eustakia, walilisahau wiki ya kwanza.

Kabla ya Operesheni Vijiji, Kazimili alikuwa na kaya yake porini, imezungushiwa minyaa, nyumba za wake zake wawili ubavu kwa ubavu, ng'ombe katikati, mlango wa kuingilia mmoja. Mwaka 1974 wakaja mabwana na kamba. Wakanyoosha barabara moja kutoka barabara kuu ya magari hadi kwenye shamba la ujamaa, wakapigilia vigingi huku na huku, na kila nyumba ikapewa kigingi chake. Mwenye wake wawili alipewa viwili, popote kamba ilipoamua. Mke mkubwa wa Kazimili, ambaye wote tulimwita Ng'wana Malongo kwa jina la baba yake, akapata kigingi cha kushoto ukitokea barabara kuu. Mke mdogo, Genoveva, akapata cha kulia, hatua kama kumi na tano mbele zaidi. Ukisimama mlangoni kwa mmoja wao, nyumba ya mwenzake unaiona kushoto kwako. Hilo nililijua kwa miaka mitatu na halikunihusu.

Kazimili alikwenda vitani na mgambo wenzake mwishoni mwa mwaka 1978. Julai iliyofuata lori la jeshi likamshusha mbele ya zahanati, kando ya barabara kuu. Kipande cha bomu kilimwingia juu ya sikio la kulia, nyuma kidogo. Hospitalini walikitoa, wakashona, wakamwambia ashukuru Mungu. Kidonda kilikuwa bado kinatoa usaha, kwa hiyo kila asubuhi Genoveva alimleta kwangu, akamwacha, akaenda zake kuteka maji. Mimi nilimsafisha, nikamfunga, akarudi nyumbani peke yake kwa miguu yake.

Nilimwona mzima kabisa. Alizungumza vizuri, alitania, alikumbuka majina ya wote waliokufa na waliopona. Alikuwa na nguvu za dume la ng'ombe. Nikaandika kwenye kadi yake: anaendelea vizuri.

Naona aibu leo ninaposema niliyoyaona. Alikuja amenyoa ndevu shavu la kulia tu. Nikajiambia wembe umeisha makali, maana nyembe mwaka ule zilikuwa adimu kuliko dhahabu. Alikuja na kandambili mguu mmoja, wa kulia. Nikajiambia nyingine imekatika, na nani alikuwa na kandambili mbili mwaka ule? Alivaa koti la jeshi mkono mmoja, mwingine ukining'inia mgongoni. Nikasema joto. Mtu akikosa sukari, sabuni, mafuta ya taa na chumvi, anazoea kila kitu kuwa nusu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya miezi mitatu mizima.

Wanakijiji hawakuwa wanatazama ndevu. Walikuwa wanatazama aliingia nyumba gani. Na Kazimili kila siku, akitoka kwangu, aliipita nyumba ya mke mkubwa bila kugeuza shingo, akaenda kwa mke mdogo. Hakumsalimu Ng'wana Malongo aliyesimama mlangoni na maji ya kunawa. Hakuingia kwake hata siku moja. Mwanamke aliyemzalia watoto watano, aliyelisha ng'ombe wake miezi yote ya vita, aliyekwenda kwa miguu hadi Biharamulo mjini kuuliza kama jina lake limo kwenye orodha ya waliokufa.

Alinijia siku moja mwezi wa Agosti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kukaa.

"Nesi, kuna dawa ya mtu kusahau?"

"Kusahau nini, mayu?" nikamuuliza, kwa neno lao la kumwita mama.

"Kusahau mtu. Mume wangu ananipita kwenye balabala kama jiwe. Jana nilikohoa. Nikamwita kwa jina lake. Akaangalia upande ule, kwa yule mtoto, mke mwenzangu, akasema naam. Mimi niko huku!"

Nikamwambia avumilie, kwamba wanaume wakitoka vitani wanakuwa wa ajabu. Nikampa na aspirini mbili, Mungu anisamehe. Alizitazama mkononi, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Kijiji kilikuwa kimeshapata jibu. Genoveva alikuwa hajafika miaka ishirini na mitano, mzuri, mcheshi, ana mtoto mmoja tu wa kike. Alimtia mumewe dawa. Wengine walisema kwenye uji, wengine kwenye maji ya kuoga. Mtu mmoja alidai alimkuta akichimba mizizi nyuma ya nyumba, kumbe ilikuwa mihogo. Ukishaitwa mchawi, hata mihogo yako ni ushahidi.

Ng'wana Malongo akauza mbuzi, akaenda kwa mfumu mmoja, mganga wao wa jadi, mwendo wa siku mbili. Akarudi na dawa ya kuvunja dawa, akaifukia kizingitini mwake. Ilikuwa Oktoba. Na wiki ile ile mvua ikanyesha, shamba la ujamaa likafunguliwa, na Kazimili, ambaye kidonda chake kilikuwa kimekauka, akabeba jembe akaenda kulima na kundi lake kuanzia asubuhi. Jioni ya kwanza alipotoka shamba akaenda moja kwa moja kwa Ng'wana Malongo. Akaingia, akakaa, akaomba maji ya kunywa kama mtu aliyetoka hapo jana.

Vigelegele vilisikika hadi zahanati. Nilitoka nje nikacheka, nikafurahi kwa ajili ya yule mama. Sikufikiri hatua moja mbele, kwamba ikiwa dawa ya kuvunja imefanya kazi, basi kulikuwa na dawa ya kuvunjwa.

Kila siku ya kazi Kazimili alirudi kwa mke mkubwa. Jumapili akaenda mnadani barabara kuu, na aliporudi akakata kwa Genoveva. Wakasema: ameongeza kipimo, huyu hana haya. Jumatatu akatoka shamba, akaenda kwa mke mkubwa. Wakasema: dawa zinapigana kichwani mwa mtu wa watu, zitamuua. Genoveva akakuta kuku wake wawili wamechinjwa na kutupwa mlangoni. Wanawake kisimani wakawa wanasubiri achote aondoke ndipo wachote. Mwaka ule ule, kijiji cha jirani, bibi mmoja alikuwa amekutwa njiani amekatwa mapanga, na hakuna aliyeuliza sana.

Nilimwendea Bulugu, mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye woga na muhuri.

"Nesi," akaniambia, "Chama hakiamini uchawi. Lakini Chama kinaamini amani. Jumamosi tunafanya mkutano ghalani. Huyu binti atapewa siku tatu, aondoke salama, kabla watu hawajaamua wenyewe."

"Aende wapi?"

"Kwa kaka zake, Geita."

"Kaka zake watampokea mchawi?"

Bulugu akalitazama dirisha. Alijua kama nilivyojua kwamba habari ingemtangulia Genoveva, na kwamba mwanamke aliyefukuzwa kwa neno hilo hana mlango wa kubisha popote.

Alhamisi nikamchukua Genoveva na mtoto wake, nikawaweka kwenye chumba cha wajawazito ambacho hakikuwa na mjamzito. Hakulia. Alikaa kitandani akanitazama usoni.

"Nesi, sikumpa kitu. Naapa kwa mtoto huyu. Alikuja kwangu mwenyewe."

"Najua."

"Hujui. Wewe unanihurumia tu."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa namhurumia, na nilikuwa na hasira na kila mtu, lakini kujua sikuwa najua chochote.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda shamba, Kazimili akaja kuonyesha kovu. Genoveva alikuwa amepika ugali na maharage, akampelekea sahani kwenye benchi. Nilikuwa naandika, natazama kwa pembe ya jicho. Kazimili alikula vizuri, kwa hamu, akanawa. Halafu akasema kwa unyonge, "Siku hizi mnanipimia chakula. Vita vimekwisha, jamani."

Nikatazama sahani. Nusu ya kulia ilikuwa imesafishwa kama imelambwa. Nusu ya kushoto ilikuwa na ugali wake na maharage yake, haijaguswa, na mpaka kati ya nusu hizo ulikuwa umenyooka kama umepimwa kwa kamba.

Sijui nini kilinituma. Nilisogea, nikaizungusha sahani. Kazimili akainama, uso ukachangamka.

"Ahaa! Umeniongezea. Ahsante, Nesi."

Akaanza kula tena. Nikaona ndevu, nikaona kandambili, nikaona mkono wa koti.

Chuoni tulikuwa na mwalimu, Sista Evarista, ambaye siku moja alileta ubongo wa ng'ombe kwenye karai. Wasichana wawili walitoka nje kutapika. Sista akaukata kwa kisu, akatuonyesha tabaka la juu, la kijivu, jembamba, halizidi unene wa ganda la ndizi. Hilo ndilo gamba la ubongo, akasema, na limejikunja hivi ili lipate kuenea ndani ya fuvu. Kwa macho ni lile lile kila mahali. Ukiliweka chini ya hadubini utaona si lile lile: hapa chembe zake ni ndogo na zimebanana kama ulezi, pale ni kubwa na zimepangwa mbali mbali, na jinsi zilivyopangwa na mahali zilipoungana ndivyo vinavyoamua kazi yake. Hapa pa kusogeza mkono, hapa pa kuona, hapa pa maneno. Na nusu ya kulia ndiyo inayoshika kushoto kwa mtu. Akasema wapo watu walioumia kulia, juu nyuma ya sikio, wakabaki na macho mazima na masikio mazima, lakini upande wa kushoto wa dunia hauwajii tena. Hawautafuti, kwa sababu hawajui kwamba upo. Tulidhani ni hadithi za Wazungu. Mimi niliuliza kama itatoka kwenye mtihani.

Jioni ile nikasimama barabarani. Wakulima wakatoka shamba wakiimba, Kazimili kati yao. Kutoka shamba, nyumba ya Ng'wana Malongo iko kulia. Akakata kulia. Kutoka kwangu, kutoka mnadani, ya Genoveva ndiyo iko kulia. Nikajipiga kofi la paji la uso mbele za watu. Hakukuwa na dawa mbili zinazopigana. Kulikuwa na barabara moja iliyonyooshwa kwa kamba, na mtu asiye na kushoto anayeiingia kwa ncha hii au ncha ile.

Jumamosi ghala la pamba lilijaa. Bulugu alikaa mezani na daftari lake. Ng'wana Malongo alikaa mbele na wanawake wenzake, amejifunga kanga mpya, uso mgumu. Genoveva alisimama peke yake, mtoto mgongoni, na kuzunguka miguu yake sakafu ilikuwa tupu, hakuna aliyetaka kumgusa. Kabla Bulugu hajafungua kikao nikasimama, nikaomba Kazimili aketi kwenye kiti katikati.

"Nesi, huu si wakati wa matibabu," Bulugu akasema.

"Ni wakati wake hasa, Mwenyekiti. Dakika tano. Baadaye andika unachotaka."

Nikamgeukia Kazimili. "Fumba macho. Umeshuka kwenye basi barabara kuu. Umeipa zahanati mgongo, unaingia kijijini. Nitajie nyumba unazopita hadi shambani."

Akacheka. "Nesi, mimi si mtoto."

"Nifurahishe."

Akafumba macho. "Naanza kwa Mwenyekiti Bulugu. Halafu fundi baiskeli. Halafu mama wa mandazi, ambaye siku hizi hana ngano. Halafu kwangu, kwa Genoveva. Halafu mzee mwenye punda. Halafu shamba."

"Na duka la ujamaa?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Duka gani?"

Watu wakaangua kicheko. "Hata sisi hatulioni," akasema mwingine, "lina miezi halina chumvi!"

Lakini si wote waliocheka. Fundi baiskeli alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Mkeo mkubwa anakaa wapi?" nikauliza.

Kazimili akakunja uso. "Yupo. Nilikuwa kwake juzi."

"Nyumba yake ni ipi katika hizo ulizopita?"

Akainua mabega. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alionekana tu kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana.

"Haya. Sasa umetoka shamba, jembe begani, unakwenda barabara kuu. Nitajie tena."

"Ghala hili," akasema upesi. "Shule. Kisima. Kwangu, kwa Ng'wana Malongo. Duka la ujamaa. Barabara kuu."

"Na fundi baiskeli? Na mama wa mandazi?"

"Hao hawako njia hii."

"Na mkeo mdogo?"

"Yupo," akasema. "Nilikuwa kwake juzi."

Ilikuwa barabara ile ile, ameilala na kuamkia miaka mitano, na alikuwa ameipita mara mbili akiwa ameketi, macho yamefumbwa, kila mara akiacha upande mmoja nje kama haujawahi kujengwa.

Ndipo nikawaeleza. Nikasema, mnapolima kwa mstari, kila mtu ana tuta lake. Mmoja akianguka, wenzake hawalimi tuta lake. Mstari unasonga mbele na majani yanabaki pale pale. Kichwani ni hivyo. Kila kipande cha gamba lile kina tuta lake, na bomu lilimuua mlimaji wa upande wa kushoto. Nikaomba sahani, nikawaonyesha. Nikawaonyesha ndevu zake. Akina mama wakashika midomo. Fundi baiskeli akasema kwa sauti, "Kweli. Kweli kabisa. Mimi hanisalimu mpaka awe anatokea barabara kuu."

Mzee mwenye punda akanyanyua fimbo. "Kwa hiyo ile dawa?"

"Hakuna dawa, mzee wangu," nikasema. Nilikuwa nimelewa ushindi, nakiri. "Ya Genoveva haikuwepo, na ya mfumu haikufanya kitu. Mtu huyu anakata kulia tu. Akitokea huku anafika kwa huyu, akitokea kule anafika kwa yule."

Ng'wana Malongo akasimama. Hakuniangalia kwa hasira, na ningependa angeniangalia kwa hasira.

"Kwa hiyo hakunirudia," akasema.

"Hapana, mayu. Alikuwa anatoka shamba."

Nilimjibu hivyo, kavu kavu, kama ninamsomea kadi. Akakaa. Mwanamke mwenzake akamshika bega, naye akautoa ule mkono.

Kazimili alikuwa amefumbua macho, anatazama watu, hasa wa upande wake wa kulia. "Mnacheka nini?" akauliza. "Barabara yangu naijua. Nimekosea wapi?" Nikajaribu kumweleza. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema kwamba yeye macho yake ni mazima, daktari wa jeshi aliyapima, na kwamba kama kuna mtu mwenye shida ya kuona ni mimi.

Bulugu akagonga meza. Genoveva hana hatia, anabaki kijijini na haki zake zote, na atakayemgusa atajibu kwa mgambo. Akaandika, akapiga muhuri kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Watu wakamfuata Genoveva kumpa mkono. Mama wa mandazi akamkumbatia na kulia, yeye aliyeongoza kumkimbia kisimani. Mimi nikarudi zahanati nikijiona mtu mkubwa, nikatamani Sista Evarista angekuwepo.

Wiki iliyofuata nikamwona Ng'wana Malongo kwenye mnada. Hakununua kitu. Alimngoja Kazimili, akamshika mkono wa kulia, akamzungusha nyuma ya nyumba zote, kupitia mashamba ya watu, hadi kwenye lile shamba la ujamaa, akamwachia pale ili arudi nyumbani kwa njia ile. Ilikuwa mwendo wa nusu saa juani. Kazimili akarudi, akakata kulia, akaingia kwake. Jumapili ya pili akafanya tena, na ya tatu, na ya nne. Watu walimcheka. Mimi sikuweza kucheka.

Genoveva alikuwa ameona pia. Akaja zahanati akiwa amefunga mzigo, mtoto mgongoni. Lori la pamba lilikuwa linakwenda Geita.

"Unakwenda wapi? Umeshinda!" nikamwambia. "Hakuna anayekuita mchawi tena."

"Ndiyo maana kaka zangu watanipokea," akasema. Akashusha mzigo, akaketi kwenye benchi lile lile alilokalia mumewe. "Nesi, nikuambie. Walipokuwa wananiita mchawi, nilikuwa naogopa kufa. Lakini nilijua wananionea. Nilijua kila siku mume wangu anaipita nyumba ya mwenzangu, anakuja kwangu, bila dawa, kwa hiari yake. Moyoni nilikuwa na hilo. Wangenifukuza, ningeondoka nalo. Sasa mmeniacha nibaki, na sina kitu."

"Ni ugonjwa, Genoveva. Si yeye."

"Basi yeye yuko wapi?"

Sista Evarista alituonyesha mahali pa mkono, mahali pa macho, mahali pa maneno. Swali hilo hakulifikia, na mimi nilibaki nimeshika karai la dawa nikimtazama yule msichana kama mjinga. Nilitaka kumwomba radhi. Nilishindwa kujua ni kwa kosa lipi, kwa kuwa nilimwokoa, na sikuwa nimesema hata neno moja la uongo. Lori likapiga honi. Akaniaga kwa mikono miwili, kama mtu anavyomuaga mkubwa wake.

Siku mbili baadaye Kazimili alikuja kuchukua dawa ya kichwa. Sikumwacha arudi peke yake, nilimfuata nyuma. Akaipita nyumba ya mke mkubwa, akakata kulia, akasimama kwenye mlango uliofungwa kwa kamba.

"Hodi! Genoveva!"

Akafungua kamba, akasukuma mlango. Ndani kulikuwa na mafiga matatu na majivu. Akageuka, akasimama mlangoni akiitazama barabara.

Ng'wana Malongo alikuwa amesimama mlangoni pake, upande wa pili wa barabara, hatua zile kumi na tano. Akamwita. "Kazimili! Niko huku."

Akaitambua sauti, nami nikaona uso wake ukifurahi. "Ng'wana Malongo! Upo?" Akageuka kulia, akatazama nyuma ya mlango. Hakumwona. Akaingia ndani ya nyumba tupu kumtafuta.

Nikamkimbilia yule mama. "Vuka, mayu. Simama kulia kwake. Atakuona."

"Najua pa kusimama," akasema. "Nimevuka mwezi mzima. Nimezunguka mashamba ya watu kama mwendawazimu. Leo avuke yeye."

Akaita tena, kwa sauti kubwa, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Na kutoka nyumba ya Genoveva tukamsikia Kazimili akigongagonga ukuta wa ndani, akizunguka na kuzunguka kulia, akijibu, "Naam, naam, nakuja mama, umejificha wapi?"